Mpasi ao Fayulu: aliyetuokoa kwa penalti si lazima awe kipa namba moja

Tangu Jumapili ile ya tarehe 16 Novemba, mtu akisimama kwenye parking ya motari pale Rond-point VGH, mjini Butembo, hamalizi dakika tano bila kuulizwa yeye ni wa upande gani. Haulizwi chama, wala kabila. Anaulizwa kama ni wa Mpasi ao wa Fayulu. Akijibu vibaya, bei ya kwenda Mususa inaweza kupanda. Kilomita zaidi ya 50 upande wa kaskazini, mjini Beni, swali ni lile lile, na huko linaulizwa kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ambayo tutaiona.

Asiyefuata mpira anahitaji kuelezwa kidogo. Siku hiyo, mjini Rabat, Leopards ya RDC ilicheza na Nigeria fainali ya mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia 2026. Frank Onyeka aliifungia Nigeria dakika ya 3. Meschak Elia akasawazisha dakika ya 32. Baada ya hapo mpira ukagoma kuingia, dakika 90 zikaisha, zikaongezwa 30, na hizo nazo zikawa karibu kuisha. Ndipo kocha Sébastien Desabre alipofanya kitu ambacho kiliwafanya watu wengi katika nganda za Butembo wafikiri amechanganyikiwa. Alimtoa kipa wake, Lionel Mpasi, ambaye hakuwa na jeraha lolote, akamwingiza Timothy Fayulu.

Kilichofuata kinajulikana. Wanigeria watatu walikosa penalti zao. Ya Semi Ajayi iliishia kwenye mikono ya Fayulu, kisha kapteni Chancel Mbemba akaenda na kumaliza kazi: 4 kwa 3. Ilikuwa karibu saa sita za usiku kwa saa za huku, wakati ambapo kwa kawaida njia za Beni hazina mtu, na watu walitoka nje wakipiga masufuria.

Kesho yake asubuhi mabishano yakaanza. Fayulu ametuokoa, kwa hiyo Fayulu aanze. Hesabu inaonekana nyepesi. CAN inaanza Morocco mwezi huu wa Desemba, mechi ya kwanza ya Leopards ni tarehe 23 dhidi ya Benin, na mwezi wa Machi 2026 kuna mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia kule Guadalajara, Mexico, dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Nchi haijaenda Kombe la Dunia tangu 1974. Kwa nini basi mtu aliyesimamisha Nigeria arudi kukaa kwenye benchi?

Ni swali zuri. Jibu ambalo mashabiki wengi wanalitoa ndilo lenye kasoro.

Kabla ya kuingia ndani, neno moja juu ya Beni. Jina Fayulu kule si jina la mchezaji tu. Tarehe 30 Desemba 2018, nchi nzima ilipopiga kura ya kumchagua rais, wakaaji wa Beni na Butembo waliambiwa wasubiri mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais aliapishwa Januari. Kwa hiyo waliitwa kupiga kura wakati rais alikuwa amekwisha kuingia ofisini. Siku ile ya tarehe 30, vijana wa Beni walikataa kukaa nyumbani. Walipanga mistari, wakatengeneza masanduku yao, wakapiga kura ya kujionyesha tu, isiyohesabiwa na mtu yeyote. Wengi katika mistari hiyo walikuwa wa mgombea Martin Fayulu.

Miaka saba imepita, na tazama, mtu mwenye jina hilo anaitwa dakika ya mwisho kabisa, anaingia, na mara hii kura inahesabiwa. Utani umejitengeneza wenyewe. Kule Rond-point Nyamwisi wanasema kwamba safari hii Fayulu amewekwa mahali pake. Wanasema pia kwamba kumrudisha kwenye benchi itakuwa kumwibia mara ya pili. Wanacheka wakisema hivyo, lakini si kicheko kitupu. Watu walioona mahali pao pakichukuliwa na uamuzi wa mbali hawapendi kumwona aliyestahili akiambiwa asubiri. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini mzozo huu una moto zaidi Beni kuliko kwingine, aanzie hapo.

Lakini goli halina siasa. Turudi uwanjani.

Upande wa Fayulu una hoja tatu, na si hoja za ovyo. Ya kwanza ni Senegal. Tarehe 9 Septemba, kwenye Stade des Martyrs, Leopards ilikuwa inaongoza 2 kwa 0 kwa mabao ya Bakambu na Wissa, ikafungwa matatu, na njia ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia ikafungwa pamoja nayo. Mpasi alibebeshwa mzigo mkubwa wa usiku huo. Ya pili ni kumbukumbu ya zamani kidogo. Januari 2024, kwenye CAN ya Côte d'Ivoire, mechi ya kwanza dhidi ya Zambia, Mpasi alitoka mbali na goli lake, akaupiga mpira kwa kichwa, ukamfikia Kings Kangwa, naye akautuma kutoka mbali kwenye goli lisilo na mtu. Kosa la namna hiyo halisahauliki. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: mwaka huu Mpasi ameacha Rodez na kwenda Le Havre, daraja la kwanza la Ufaransa, na huko ni Msenegali Mory Diaw anayeaminiwa golini. Kipa wa kwanza wa taifa ni kipa wa pili kwenye klabu yake. Kila mtu aliyecheza hata kwenye uwanja wa kanisa anajua kwamba kipa asiyecheza hupoteza kipimo cha mpira wa juu. Miguu haisahau haraka, lakini macho yanasahau.

Hoja hizo zikikusanywa, mtu angesema kesi imekwisha. Bado.

Kazi aliyoifanya Fayulu Rabat na kazi anayoombwa aifanye sasa ni kazi mbili. Kipa wa penalti ana kazi ya dakika kumi. Anasoma mguu wa mpigaji, anasubiri, anachagua upande, anaruka. Hakuna beki wa kupanga, hakuna kona, hakuna mpira wa kurudishiwa miguuni huku mshambuliaji anakuja mbio. Na kila akikosa hakuna anayemlaumu, kwa sababu kila mtu anategemea mpigaji afunge. Kipa wa mechi nzima ana kazi ya dakika 90 ambazo 85 kati yake ni za kusema: kumwambia Mbemba arudi nyuma, kumwita Tuanzebe, kuamua kutoka ao kubaki. Zile tano zinazobaki hakuna anayezihurumia. Katika uwanja wa Matokeo, wakati wa mechi za Nyuki na Socozaki, kipa hutambulika kwa sauti kabla hajatambulika kwa mikono, na mashabiki wa hapo wanajua hivyo vizuri kuliko wachambuzi wa televisheni.

Desabre hakubuni kitu kipya. Mwaka 2014, kule Salvador nchini Brazil, Louis van Gaal wa Uholanzi alimtoa Jasper Cillessen dakika ya mwisho ya nyongeza dhidi ya Costa Rica, akamwingiza Tim Krul. Krul aliokoa penalti mbili na Uholanzi ikafika nusu fainali. Dunia nzima ililia jina la Krul. Nani alianza nusu fainali dhidi ya Argentina? Cillessen. Na mechi hiyo pia ilikwenda kwa penalti, lakini Van Gaal alikuwa amekwisha tumia nafasi zake zote za kubadilisha, Krul akabaki kutazama, na Uholanzi ikatoka.

Mfano ulio karibu zaidi na wa Leopards ni wa Australia. Juni 2022, Doha, mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia dhidi ya Peru, hatua ile ile inayoingojea RDC mwezi wa Machi. Kocha alimtoa kapteni wake, Mat Ryan, akamwingiza Andrew Redmayne, ambaye alikuwa anarukaruka na kuchezacheza kwenye mstari wa goli mpaka Waperu wakapoteza akili. Redmayne aliokoa ya mwisho, Australia ikaenda Qatar. Walipofika Qatar, mechi zote nne golini alisimama Ryan. Hakuna Mwaustralia aliyesema Redmayne ameibiwa. Yeye alikuwa na kazi yake, ameifanya, na watu wanamkumbuka kwa hiyo.

Kuna hata jambo ambalo upande wa Fayulu haujalijibu, na ukiwauliza wanakaa kimya kidogo kabla ya kuagiza chupa nyingine. Fayulu akianza, ni nani ataingia dakika ya 119? Dawa hiyo inafanya kazi kwa sababu iko kabatini. Mpigaji wa Nigeria aliyetazama video za Mpasi wiki nzima alimkuta mtu mwingine golini. Ukimfanya Fayulu kuwa wa kila siku, wapinzani watamsoma kama wanavyowasoma wengine wote, na silaha ya Rabat itakuwa imetupwa.

Wazee wana sababu yao ya kuogopa kubadilisha makipa, na vijana wangefanya vizuri kuwasikiliza. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Golini alikuwa Mwamba Kazadi, mtu aliyechukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mara mbili na Englebert ya Lubumbashi, 1967 na 1968. Baada ya dakika kama 20, ilikuwa tayari 3 kwa 0, na Kazadi akatolewa. Akaingia Dimbi Tubilandu. Kitu cha kwanza alichofanya Tubilandu, kabla hata hajagusa mpira kwa kazi nyingine, ni kuutoa wavuni. Mechi iliisha 9 kwa 0. Dhidi ya Brazil, siku nne baadaye, Kazadi alirudi golini na Zaire ikafungwa matatu tu. Tubilandu hakuwa kipa mbaya. Alikuwa mtu aliyeombwa kuzima nyumba iliyokwisha ungua. Mpaka leo jina lake linatajwa kama mzaha na watu ambao hawakuzaliwa wakati huo. Kubadilisha kipa kwa sababu ya hasira ao ya furaha ya siku moja, anayelipa mara nyingi ni yule aliyeingizwa.

Na Mpasi naye si mgeni wa penalti. Hapa kumbukumbu ya mashabiki imekuwa fupi kwa namna ya kushangaza. Tarehe 28 Januari 2024, San Pedro, Leopards na Misri zilimaliza 1 kwa 1, wapigaji wakapita mmoja mmoja mpaka ikabaki makipa kupigiana. Kipa wa Misri, Mohamed Abou Gabal, alipiga mwamba. Mpasi akaweka mpira chini, akafunga: 8 kwa 7. Usiku ule Butembo haikulala pia, na watoto waliozaliwa wiki hiyo hawakukosa kuitwa Lionel. Siku tatu kabla ya Nigeria, tarehe 13 Novemba, Cameroon ilicheza dakika zaidi ya 90 bila kumfunga Mpasi, na ndipo Mbemba akapata nafasi ya kufunga lile bao la dakika za nyongeza. Bila usiku huo wa Mpasi hakuna usiku wa Fayulu. Mtu aliyekubali kutoka uwanjani dakika ya mwisho ya mechi kubwa kuliko zote za maisha yake, bila kutupa glovu chini, anastahili kitu kingine kuliko kuzomewa na watu waliokuwa wanamwimba miezi 22 iliyopita.

Kwa hiyo tarehe 23 Desemba, dhidi ya Benin, aanze Mpasi. Hilo ndilo jibu la haki, hata kama litawakasirisha wengi Beni.

Ila jibu hilo lina mwisho wake, na hapo upande wa Fayulu una haki ambayo upande wa Mpasi hautaki kuikubali. Nafasi ya kipa si shamba la urithi. Kama Machi itafika na Mpasi bado yuko kwenye benchi la Le Havre, atakuwa anaenda kucheza mechi ya miaka 52 akiwa hajaizoea mechi. CAN itamsaidia kwa dakika, lakini ikiisha Januari, Februari nzima ni ndefu. Fayulu, aliyezaliwa Uswisi, aliyepita timu za vijana za huko kabla ya kuchagua Kongo, na ambaye leo ni mchezaji wa Noah ya Armenia, hapaswi kuwa mtu wa dakika mbili mpaka mwisho wa maisha yake. Mahali pa kumpima papo. Kundi la RDC lina Benin, Senegal na Botswana. Kama baada ya Senegal pointi zimetosha, mechi ya Botswana ya tarehe 30 Desemba apewe Fayulu yote, dakika 90, na kona zake na mipira yake ya juu. Nchi imwone akifanya ile kazi nyingine. Hapo mashabiki watakuwa na kitu cha kubishania zaidi ya penalti.

Na Desabre aseme. Si lazima atoe siri za mazoezi, ila aseme mapema, kabla ya Benin, nani ni wa kwanza na kwa sababu gani. Kocha huyu, aliye hapa tangu 2022, ameitoa timu mbali. Katika mechi kumi za kundi la mchujo alifungwa mabao sita tu, na nusu yake ni ya usiku mmoja wa Senegal. Ana haki ya kuaminiwa. Lakini katika mji ambao watu wamezoea kusikia uamuzi baada ya kuwa umekwisha chukuliwa, sababu ikisemwa wazi hupunguza maneno mengi. Mpasi pia angelala vizuri zaidi akijua kwamba akifanya kosa moja dhidi ya Benin hatatupwa kwa kelele za mitandao.

Wako wanaosema mambo haya yote ni aibu. Butembo kuna watu, si wachache, wanaouliza kwa nini vijana wanapigana kwa maneno juu ya kipa wakati Lubero inazika. Hawakosei kuhusu mazishi. Siku mbili tu kabla ya mechi ya Nigeria, usiku wa tarehe 14 Novemba, ADF waliingia katika kituo cha afya cha Byambwe na kuua watu wasiopungua 17. Na ile siku ya Septemba ambayo watu wanaikumbuka kwa mabao matatu ya Senegal, Ntoyo walikuwa wanahesabu maiti za watu zaidi ya 60 waliouawa usiku uliotangulia, wakiwa kwenye kilio. Wako waliotazama mechi ya Senegal katika nyumba zenye wageni waliokimbia kutoka huko, wamekaa chini kwenye mikeka, na wageni hao nao waliuliza nani yuko golini.

Hiyo ndiyo sababu shutuma hiyo haishiki. Aliyekimbia Bapere na mtoto mgongoni hakuomba watu wanyamaze juu ya mpira. Yeye naye ana upande. Juu ya mambo mengi yanayoamua maisha yake, kuanzia njia gani itafunguliwa mpaka askari gani watatumwa wapi, hakuna anayemwuliza. Juu ya kipa, maoni yake yana uzito sawa na ya mwenye duka la ghorofa mbili. Anaweza kumbishia mwanasheria, akamshinda.

Jambo moja lilipita katika mabishano haya bila kuguswa, nalo lingestahili kelele nusu ya hizi. Mpasi alizaliwa Ufaransa, Fayulu Uswisi. Si dhambi, wamechagua nchi na wameitumikia. Lakini wako wapi warithi wa Robert Kidiaba, ambaye Mazembe yake iliitoa Internacional ya Brazil mwaka 2010 na kucheza fainali ya dunia na Inter? Wako wapi warithi wa Ley Matampi, aliyekuwa golini wakati Leopards inachukua CHAN ya 2016 mjini Kigali? Kipa kijana wa Capaco, kule Beni, ao wa Socozaki, hata akiwa na mikono ya chuma, ni nani atakayemwona? Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwanzo wa mwaka huu, barabara za safari za mechi ni za hofu, na kocha wa taifa hawezi kuchagua mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheza. Mashabiki wa pande zote mbili wanabishania makipa wawili wa Ulaya kwa sababu hakuna wa tatu wa hapa wa kumtaja.

Mechi ya Benin itaanza saa nane na nusu za mchana kwa saa za Butembo na Beni, siku ya Jumanne. Wenye salle za video tayari wanahesabu bei ya mafuta ya jenereta. Mama wa soko wamesema watafunga meza mapema. Na kwa kuwa ni mchana, safari hii hata wanaokaa mbali, kule Mulekera ao pembeni ya Vulamba, wanaweza kutazama mpaka mwisho na kufika nyumbani jua likiwa bado liko juu, ila tu isiende mpaka penalti.